Fundi Aliyedai Chake Akaambiwa Aombe Radhi

Benchi letu liko kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma. Asubuhi ile Cheche hakuwasha mashine. Alikaa na kikombe cha kahawa mkononi, simu mapajani, akatusimulia. Alikuwa ametengeneza geti la gesti iliyo mtaa wa nyuma. Mwenye gesti alitoa kianzio, geti likasimamishwa, likapakwa rangi, wageni wakaanza kupita. Cheche alipofuata pesa iliyobaki akazungushwa: njoo kesho, njoo mwisho wa mwezi. Jana alisimama mapokezi akawaambia wageni kwamba geti wanalopitia halijalipiwa. Leo amepigiwa simu na mwanasheria wa mwenye gesti. Arudi palepale mapokezi kabla ya jioni, aombe radhi mbele ya wageni, la sivyo atashtakiwa kwa kumchafulia mtu jina, na mashine yake ya kuchomelea itauzwa kulipa fidia.

— Yaani mimi ndiye wa kuomba radhi, alisema Cheche. Jasho langu, geti langu, halafu radhi yangu.

Rufaa alishusha kikombe chake. Rufaa anauza viatu vya mitumba, na jina hilo alilipata kwenye kesi ya kiwanja aliyoshindwa kila ngazi.

— Sikiliza, ndugu yangu. Mahakamani anayefika kwanza ndiye aliyeonewa. Wahi wewe.

— Si wewe uliwahi? alisema kinyozi.

— Niliwahi. Hakimu ndiye aliyechelewa.

— Nenda zako.

— Nawe una lipi? alisema Rufaa. Maana mdomo wako ukifunguka lazima mtu anyolewe.

Kinyozi alijifuta mikono kwenye aproni.

— Geti halijalipiwa, kwa hiyo bado ni mali yake. Alfajiri twende tuling'oe. Mtu achukuapo chake hakuna kesi.

— Ukutani hujui kuna kamera? alisema Cheche. Nitafungwa kabla hata ya kushtakiwa.

— Basi usiling'oe, alisema Rufaa. Lichomelee. Tia vyuma viwili vya mshazari, yeye akiwa ndani. Hujaiba, umeongeza kazi. Kisheria hiyo inaitwa ziada ya hiari.

— Nani kakwambia?

— Karani mmoja. Tulikaa naye sana kwenye benchi la mahakama.

Muuza kahawa, ambaye siku zote husema ametega masikio tu, alikatiza.

— Mimi linaloniuma ni hilo la jina. Anasema limechafuliwa. Wauza mkaa anawazungusha, fundi bomba anamzungusha, hata mimi nikipita pale na birika langu ananiambia mwezi huu mgumu. Jina hilo lilikuwa safi lini mpaka lichafuke jana?

— Hapo umesema, mzee mwenzangu, alisema Rufaa.

— Tushtaki wageni, alisema kinyozi. Kila aliyepita kwenye geti ametumia kitu cha wizi. Tuwasimamishe barabarani, kila mmoja alipe alivyopita. Kuingia na kutoka.

— Na aliyeruka ukuta? aliuliza Rufaa.

— Huyo shahidi wetu.

Tulicheka, Cheche hakucheka. Alisema mashine ile ndiyo inayosomesha watoto wake, na mke wake bado hajui habari ya simu.

Mama mmoja alikuwa amesimama karibu na mlango wa karakana. Alikuwa amekuja kutafuta fundi wa kumtengenezea nondo za madirisha, akasubiri tumalize. Alipoona hatumalizi, akauliza.

— Samahani, kaka zangu. Hilo geti mlipatana kiasi gani?

Cheche alimtazama.

— Ni mteja wangu wa zamani yule. Alisema, fundi, anza kazi, tutaelewana.

— Na mkaelewana?

— Kazi ilipoisha ndipo nikamtajia.

— Yeye anasemaje?

— Anasema alichonipa mwanzo ndicho kilichotosha.

— Sasa hakimu akikuuliza ulikuwa unadai nini, utamjibu nini?

Rufaa aliinama kupanga viatu ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa. Kinyozi aliangalia ndani ya kibanda chake. Hakuna kati yetu anayefanya kazi kwa namna nyingine. Mteja akisema tutaelewana, unachukua nyundo, kwa sababu kumtajia bei mtu unayemfahamu ni kama kumwambia humwamini.

— Kwa hiyo, mama, mimi ndiye mwenye makosa? aliuliza Cheche.

— Sijasema hivyo. Kakudhulumu. Nimeuliza bei tu.

Cheche alisimama, akaichukua simu, akaitazama bila kuiwasha.

— Radhi siombi, alisema. Hata wakiuza mashine, siombi. Lakini pesa yenyewe, wallahi, sijui niseme nadai ngapi.

Muuza kahawa alikusanya vikombe. Hakuna aliyemwambia aongeze kahawa.