Mgonjwa Haulizwi

Kijiwe cha Mizani kiko Mabira, ubavuni mwa ghala la kahawa la ushirika. Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya mawe mawili, ukalainishwa miaka na miaka na makalio ya watu wasio na haraka. Pale kahawa hainywewi kwa kikombe, inatafunwa: buni zimechemshwa na majani ya kunukia, zikakaushwa, zikafungwa kwenye kipande cha jani la mgomba, na kifurushi kinapita mkono kwa mkono. Mgeni akifika anapewa kwanza, hata kabla hajaulizwa katokea wapi. Mshika kifurushi ni Byabato, aitwaye Daktari kwa sababu aliwahi kulinda geti la hospitali kwa miezi saba. Kulia kwake hukaa Yustus, yaani Mgambo, ambaye hajawahi kuona jambo asilitolee amri. Kushoto kuna Cleophace, Ripota, na redio yake isiyozimwa. Wa nne, mwisho wa benchi, ni Rwegoshora. Huyu wanamwita Kilo Mia, maana enzi zake alibeba gunia la kilo mia peke yake kutoka mizani hadi juu ya lori huku anapiga mluzi. Jina limebaki palepale. Mwenyewe siku hizi ndoo ya maji inamtoa jasho.

Alhamisi hiyo, saa saba imepita kidogo, Rwegoshora alikuwa na neno kooni. Tangu asubuhi alilipanga, akalipangua, akalipanga tena. Pale zahanati nesi Adelgunda alikuwa ameanzisha darasa la watu wenye maumivu ya miaka, yale ambayo kidonge kinayapoza tu, hayaondoki. Hakumdanganya mtu kwamba atapona. Aliwaambia wazi: haya mtaishi nayo, basi jifunzeni kuishi nayo bila kuyaachia nyumba. Fanya kazi robo saa, pumzika, tembea kidogo, rudia. Usikae kitako zaidi ya nusu saa. Kila siku andika kwenye daftari ulichofanya na jinsi mwili ulivyojibu. Rwegoshora aliyafuata mwezi mzima, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili akalala usingizi wa saa nne bila kuamka.

Tatizo ni sharti la nesi: kuanzia somo la tano, kila mmoja aje na msindikizaji. Mgonjwa haishi na nesi, alisema, anaishi na watu wake, na hao wasipofundishwa watabomoa nyumbani kilichojengwa darasani. Sasa Rwegoshora ana nani? Mke alitangulia mbele ya haki, watoto wako Mwanza. Alhamisi mbili zimeshapita hakwenda. Ya tatu ni leo, saa nane, na asipofika na mtu nafasi yake anapewa mwingine, maana wanaosubiri ni wengi. Alichotaka kusema ni kifupi tu: mmoja wenu anisindikize.

— Jamani, leo nina shida, — alianza.

— Shida yako tunaijua kuliko wewe, — Byabato alimkata, anafungua kifurushi. — Ni ule mgongo. Chukua kahawa.

Akachukua. Huwezi kukataa kahawa ya mtu.

— Mgongo wake ni ubaridi, — alisema Yustus. — Ulimwingia alipokuwa analala juu ya magunia kule ghalani. Ubaridi ukishaingia kwenye mfupa, hata ukiota moto mpaka suruali iungue, hautoki.

— Ubaridi gani, Mgambo? Mimi nimekaa hospitali.

— Umekaa getini.

— Geti ni la nini, si la hospitali? Walipita wagonjwa pale na picha zao za eksirei, nikazitazama kwa macho haya. Uti wa mgongo una maji ndani. Huyu yake yalimwagika siku alipobeba gunia limelowa. Na wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana hapoi.

— Si walikuwa wanasema mambo ya kujuta? — Yustus aliuliza.

— Wahenga walisema, wakanyamaza. Hawakusema ni maji gani.

Rwegoshora alitafuna taratibu. Simu ikatetemeka mfukoni. Ni kengele aliyoitega mwenyewe: nusu saa imetimia, simama utembee. Akaizima kwa kidole bila kuitoa. Mwanzoni alikuwa anainuka kweli, anakwenda mpaka kwenye mizani na kurudi, na Yustus akaanza: "Kengele ya misa ya pili hiyo, mwinjilisti anakwenda kukusanya sadaka." Walicheka mpaka Cleophace akakohoa. Tangu siku hiyo anabaki amekaa, mguu unawaka, anacheka nao. Alikuwa anaona haya, na kuona haya kwa mzee wa miaka sitini na moja kuna uchungu wake.

— Nilikuwa nasema hivi, — alijaribu tena. — Kule zahanati, lile darasa...

— Darasa! — Byabato alitikisa kichwa. — Waitu, jamani, mtu mzima unafundishwa kuumwa? Mimi nikiumwa naumwa tu, sihitaji mwalimu.

— Tena lilimharibu, — alisema Yustus. — Mnakumbuka tulivyomkuta kwenye kibanja chake? Anapogolea migomba kidogo, anaacha. Anatoka mpaka barabarani, anarudi, anakaa, anaandika kwenye daftari. Nikasema huyu sasa imepanda kichwani.

— Na nani alimwokoa? — Byabato aliuliza.

— Sisi! Jumamosi yake tukaingia watu tisa na mapanga. Kufika saa nne kibanja cheupe, migomba imepogolewa, nyasi zimetandazwa. Tukanywa rubisi yake ya ndizi, tukamwambia mwenzetu, wewe tulia, mgonjwa hatoki jasho tukiwa hai.

— Huo ndio ujirani, — alisema Byabato.

Ulikuwa ujirani kweli, na ndicho kilichomkaba Rwegoshora. Kibanja kile alikuwa amekigawa mistari kumi na mitano, kila siku mstari mmoja, robo saa kwa robo saa. Alikuwa amefika wa sita. Aliwakuta asubuhi wameshamaliza wa kumi na moja, wanaimba. Aliwashukuru, akawamiminia rubisi, na jioni akafungua daftari asione cha kuandika. Siku tatu zilizofuata alishinda kitandani. Hilo hakumwambia mtu. Utamwambiaje mtu aliyekusaidia kwamba amekuumiza?

— Mnajua nyote mnakosea, — Cleophace alisema, akapunguza redio, jambo ambalo halikuwa la kila siku. — Maumivu haya si yake.

— Ya nani?

— Ya mtu mwingine. Siku hizi kila kitu kinatumwa. Mtu yuko huko ng'ambo, tajiri, mgongo unamuuma, anayatuma maumivu yake kama unavyotuma hela kwa simu. Alikosea namba. Yakamfikia Kilo Mia.

Yustus alifikiri kwa makini sana.

— Basi apige huduma kwa wateja wayarudishe.

— Miaka kumi na miwili? Muamala ukipita siku kadhaa haurudi, — alisema Byabato. — Lakini hapo umesema, Ripota. Ndiyo maana dawa za hapa haziyatambui.

— Huu mnara wa simu kule juu nao una mkono wake, — Yustus aliongeza. — Mawimbi yanapita usawa wa kiuno. Mfupi yanampita kichwani, mrefu yanampita magotini. Kilo Mia ana urefu wa hasara.

— Jamani, saa inakwenda, — Rwegoshora alisema, na safari hii sauti ilimtoka juu. — Naomba mnisikilize mimi.

Wote wakamgeukia. Byabato akamwekea mkono begani, kwa upendo kabisa.

— Usijichoshe. Hatuwezi kukusumbua na maswali. Mgonjwa haulizwi.

— Haulizwi uji, — alisema Cleophace.

— Ukianza kumuuliza uji, utamuuliza na mengine. Bora usianze.

Pikipiki ikasimama mbele ya ghala. Akashuka dereva wake, binti wa miaka kama ishirini na mitano, fulana ya wahudumu wa afya, mkoba begani, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, — waliitika.

— Naitwa Vero. Mimi ni mgeni, nimeletwa kutoka Bugene kumsaidia nesi Adelgunda. Namtafuta mzee Rwegoshora. Nesi kasema nimfuate mwenyewe, ni Alhamisi ya tatu.

— Ndiyo mimi, mwanangu.

— Msindikizaji wako yuko wapi, baba?

Rwegoshora akawatazama wenzake. Neno la kooni hakulisema tena, kwa kuwa binti alikuwa ameshalisema.

— Sisi, — Byabato alijibu, kifua mbele. — Sote. Huyu ni wetu. Kibanja chake tunalima sisi, kahawa anatafuna yetu, ugonjwa wake tunaujadili sisi.

— Vizuri sana, — Vero alisema, na alimaanisha. Akatoa karatasi na kalamu. — Basi hata foleni hatutapanga. Hapa kuna sehemu ya msindikizaji. Swali la kwanza: inamuuma wapi?

— Mgongo, — alisema Byabato.

— Kiuno, — alisema Yustus.

— Inahama, — alisema Cleophace.

— Mgongo upande gani? Juu, chini?

— Wote. Si mgongo ni mmoja? Kilo Mia, mwonyeshe binti.

— Yeye atanijibu, najua, — alisema Vero. — Hii ni sehemu yenu. Inamzidi saa ngapi? Akifanya nini inapungua?

Yustus alitazama mizani. Cleophace akapandisha redio kidogo, akaona haifai, akaishusha.

— Ni mguu wa kushoto, — alisema Rwegoshora. — Inaanzia kalioni, inashuka nyuma ya paja mpaka unyayoni. Nikikaa inawaka. Nikitembea inapoa.

— Mguu? — Byabato aliduwaa. — Miaka yote hii? Kwa nini hukusema?

— Mlikuwa mnaongea.

Vero aliangalia saa yake.

— Haidhuru. Si lazima mjue sasa, mtajifunzia hukohuko. Mmoja tu apande hii pikipiki na baba. Somo ni la saa moja na nusu tu, nitawarudisha mwenyewe.

— Mimi ningekwenda, — alisema Yustus, — ila mbuzi nimemfunga vibaya.

— Taarifa ya habari ya saa nane, — alisema Cleophace. — Nikiikosa hapa kijiweni atawaambia nani?

— Na mimi nikakae darasani na wanawake nijifunze mguu wa mwenzangu? — Byabato alicheka kidogo, peke yake. — Lakini binti, usiondoke mikono mitupu. Wewe ni mgeni. Pokea kahawa.

Akafungua jani la mgomba. Halikuwa na kitu. Akaligeuza, akalipukuta juu ya kiganja, likatoa unga na kipande cha ganda. Mgeni amefika Kijiwe cha Mizani na hakupewa kahawa, na jambo hilo liliwatia aibu waliyoweza kuielewa.

— Samahani baba, — Vero alimwambia Rwegoshora. — Utaratibu siutungi mimi. Kuna mama mmoja amengoja tangu Pasaka, ana binti yake. Nitakuandika kwenye orodha ya kusubiri.

— Niandike.

Pikipiki ikageuza. Walilitazama vumbi lake mpaka likatua. Yustus alichora mstari mchangani kwa fimbo, akaufuta kwa kiatu. Rwegoshora alikuwa amesimama tangu lile swali la kwanza, na mguu ulikuwa umepoa kidogo, kama nesi alivyosema ungepoa.

— Usivunjike moyo, — Byabato alimwambia hatimaye, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. — Hatukuachi. Jumamosi tunakuja tena wote tisa, tunakipogolea upya kibanja chote. Hutagusa hata panga.

— Wala kutoka kitandani, — alisema Yustus. — Hiyo ni amri.

— Kaa, bwana. Mbona umesimama na unaumwa mguu? — alisema Byabato.

Cleophace akasogea, akapangusa ubao kwa kiganja, akamwachia sehemu kubwa kuliko ya wote. Rwegoshora akawashukuru, kama inavyopasa, akakaa.