Baba Amekula Tambi

Kijiwe chetu pale Kebirigo ni benchi moja refu kwenye baraza la duka la Shueib. Upande mmoja kuna cherehani yangu, upande wa pili kuna jiko la makaa na birika la kahawa ya tangawizi, na katikati wanakaa watu ambao wangetakiwa kuwa shambani wakichuma majani chai. Mimi ni fundi wa nguo, mikono yangu ina kazi lakini masikio yako huru siku nzima. Wa kwanza kufika huwa ni Obwocha, tunayemwita Redio, kwa sababu ana redio ya betri, na betri zikiisha anaendelea yeye mwenyewe. Anayefuata ni Makori muuza nyama, jina lake Kisu. Wa mwisho siku zote ni Angwenyi, ambaye tangu utotoni anaitwa Polepole, na sijawahi kusikia mtu aliyemwona akikimbia hata siku ya mvua ya mawe. Basi siku moja ya soko, mwaka wa sabini na nne, tulimwona Polepole akija mbio. Hata dereva wa lori la majani chai, mgeni kutoka Ukambani aliyekuwa amekaa tu kupoza kiu, alisimama kumpisha.

Polepole: Baba amekula.

Shueib alikuwa anamimina. Kahawa ikapita kikombe ikaangukia goti la Kisu.

Shueib: Angwenyi, ndugu yangu, kaa chini. Baba yako tulimzika kabla ya mvua. Mimi mwenyewe nilishika jeneza.

Redio: Shueib, miaka yote umeishi hapa na bado hujui lugha ya watu. Kwetu baba ni mama.

Shueib: Na baba?

Redio: Baba ni tata.

Dereva: Kwa hiyo ni mama amekula.

Redio: Si ndiyo hivyo anasema? Baba amekula.

Kisu: Kunywa kahawa, dereva. Utazoea.

Hapo hakuna aliyecheka, maana sisi wengine tulijua uzito wa hilo neno. Mama Nyamoita, mama yake Polepole, tangu mume wake azikwe alikuwa amekataa chakula. Si kwamba alikuwa anagomba. Anapelekewa, anashukuru, anaonja kidogo, halafu anafunika. Daktari wa zahanati alimpima akasema haoni ugonjwa. Gauni nililomshonea kwa ajili ya matanga lilikuwa sasa linamtosha mara mbili. Wiki ile wajukuu walikuwa wameanza kuitwa kutoka shuleni waje wamwone, na kila mtu anajua wajukuu wanaitwa kwa nini. Kwa hiyo niliposikia amekula, mguu wangu uliacha kukanyaga cherehani.

Kisu: Amekula nini?

Polepole: Tambi.

Kisu: Tambi ya taa?

Polepole: Ya kula. Nyembamba, ndefu, kama kamba ya mkonge, lakini laini. Na nyama yako juu yake, Kisu. Amekula akamaliza, akauliza kama sufuria imebaki na kitu. Mimi nilikuwa mlangoni.

Ikabidi aambiwe akae, apewe kahawa, aanze mwanzo. Bosibori, mke wa mdogo wake, alikuwa amekuja kutoka Kisumu kumwona mkwe wake. Kule Kisumu Bosibori alipikia familia moja ya Wachina miaka kadhaa, na alikuja na chupa ndogo ya maji meusi kwenye mkoba. Tambi zenyewe alizinunua hapa hapa kwa Shueib.

Polepole: Sasa huyo shemeji ananipa nyama, ananiambia, nenda ikasagwe. Mimi ninajua kitu ya kusaga ni moja. Nikaenda kwa Alfayo.

Redio: Posho mill?

Polepole: Nikapanga laini na akina mama wa mahindi. Kufika mbele, ninaweka nyama kwa mdomo ya mashine, Alfayo anatoka na ufagio.

Kisu: Nyama yangu kwa mashine ya unga?

Polepole: Alinifukuza mpaka barabarani. Kurudi nyumbani, shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Akachukua panga, akakatakata hiyo nyama kwa kigogo, ta ta ta ta, mpaka ikawa kama udongo. Halafu kitunguu, saumu, tangawizi. Hayo maji meusi akamwagia, ikalia shaaa, na harufu ikatoka mpaka ng'ombe akainua kichwa. Sufuria ya pili maji inachemka, tambi ndani, tambi nje. Mimi nilikuwa nimeinama kufunga kiatu. Kuinuka, chakula iko tayari.

Redio: Wacha uongo.

Polepole: Kwa haki ya Mungu. Kiatu kimoja.

Ni lazima mtu aelewe kwamba kwetu chakula kina adabu yake ya kuchelewa. Chinsaga, zile mboga zetu chungu, zinawekwa motoni asubuhi, zinapikwa, zinamwagwa maji, zinapikwa tena, zinatiwa maziwa, na jioni ndiyo unaanza kuuliza kama zimeiva. Chakula cha kuiva wakati mtu anafunga kiatu hatukuwahi kukisikia.

Polepole: Alimimina yote kwa sahani moja, ile pana ya bati, wakala. Mama anavuta tambi upande huu, kumbe mwisho wake uko kwa mdomo wa shemeji upande ule. Akacheka. Mama akacheka, jamani. Sasa shemeji anarudi Kisumu kesho. Mimi nimekuja mnisaidie. Ni kitu gani ilimfungua roho? Nikijua, nitanunua. Hata kama iko mbali, nitaifuata.

Hapo ndipo mashauri yalipoanza, na kwetu shauri likianza haliulizi njia.

Kisu: Ni nyama. Hilo halina maneno. Yule fahali nilimtoa soko la Nyamache mwenyewe, hajawahi kufungwa nira. Nyama kama hiyo ukiikatakata, nguvu yake inakosa pa kujificha.

Redio: Nyama yako tunakula kila siku na hakuna aliyefufuka. Ni hiyo maji meusi. Iko na rangi gani, Polepole? Kama wino?

Polepole: Kama wino. Lakini ina chumvi. Shemeji alisema inatoka kwa maharagwe.

Kisu: Maharagwe gani inatoa maji nyeusi, isipokuwa sufuria imeungua?

Redio: Ndiyo nasema ni wino. Mchina anaandika kila kitu, si mmesikia? Herufi zake nyingi kuliko majani chai ya Kebirigo. Sasa wino ukiingia tumboni, unakumbusha tumbo kazi yake. Tumbo la Mama Nyamoita lilikuwa limesahau kuandika.

Polepole: Tumbo inaandika?

Redio: Ya kwako haiwezi, hukufika darasa hilo.

Shueib: Ni tambi tu, jamani. Unga wa ngano na maji. Kwetu nyumbani tunakula Ijumaa.

Redio: Mwenye duka hawezi kutoa siri ya duka. Mnyamazishe.

Kisu: Mimi nauliza urefu. Hiyo kitu ina urefu gani?

Polepole: Nilijaribu kupima na macho. Nilishindwa. Moja inapita chini ya nyingine.

Redio: Basi hapo hapo. Sikilizeni. Kule kwao tambi ni moja tu. Inavutwa na mashine, haikatwi. Mtu anazaliwa anapewa mwisho wake, anakula, anakula, mpaka anazeeka, bado inakuja. Hii ya Shueib imekatwa kwa sababu ya pakiti. Lakini tumbo halijui imekatwa. Mama Nyamoita alimeza mwanzo, tumbo likasema, kuna mwisho mahali, ngoja niufuate. Ni kama kamba na ndoo. Hamu yake ilikuwa chini kabisa, kisimani, na tambi ikaivuta juu.

Nitasema ukweli, hilo lilinigusa. Najua Redio ni Redio. Lakini nilimwona yule mama kichwani mwangu, kamba inavutwa taratibu, na ndoo inatokea ikiwa na maji. Polepole alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na macho yamemtoka. Hata Kisu aliacha fahali wake.

Kisu: Kamba, sawa. Lakini mimi naona ni mbio. Fikiria. Mboga iko jikoni kutoka asubuhi, na huyo mama anaikalia hapo. Anachochea, anamkumbuka mzee. Anaongeza kuni, anamkumbuka mzee. Chakula ikiiva yeye ameshiba machozi. Sasa hii imeiva kabla huzuni haijavuta kigoda. Huzuni ilifika jikoni ikakuta watu wanakula.

Polepole: Kisu, hiyo ni maneno makubwa.

Kisu: Hata mimi imenishtua.

Redio: Wale waliotembea mwezini walikula kitu kama hiyo. Ndiyo maana walirudi haraka.

Polepole alisimama. Alikuwa ameamua, na Polepole akiamua, hilo nalo ni la kuangalia.

Polepole: Shueib, toa katoni yote. Tambi yote iliyo dukani. Na mtu anayekuletea bidhaa kutoka Kisumu alete hiyo wino.

Shueib alikuwa ameshika mlango wa duka. Ndipo dereva, ambaye muda huo wote alikuwa anazungusha kikombe chake, akakohoa.

Dereva: Samahani, wazee. Mimi ni mgeni, na bado hii baba na mama inanichanganya. Huyo mzee aliyezikwa, ndiye mume wake?

Redio: Ndiye. Mzee Nyamweya.

Dereva: Na alikuwa anakula wapi?

Swali la kipuuzi, nilidhani. Lakini Kisu alianza kutabasamu, maana kila mtu hapa anakumbuka. Wazee wa rika lake walikula wenyewe kwa wenyewe, wanaume upande wao. Nyamweya akialikwa alikuwa anasingizia ng'ombe, anasingizia tumbo, anaenda nyumbani kula na mkewe kwenye sahani moja. Tulimtania mpaka akazeeka. Tulimwita Bwana Harusi mpaka siku ile ya jeneza.

Kisu: Alikula na huyu mama. Sahani moja. Ile ile ya bati.

Dereva: Haya. Na tangu azikwe, mama amekuwa akila na nani?

Redio alifungua mdomo. Nilimwona akiufungua. Tangu nimjue, hiyo ndiyo mara ya kwanza ulifunguliwa na hakuna kituo kilichoshika. Kisu alitazama goti lake lililokauka kahawa. Mimi nilishika kitambaa kama mtu anayetafuta mshono, na mshono sikuuona. Tulikuwa tumempelekea mama yule ndizi, maziwa, kuku wazima. Tulipeleka, tukaweka, tukaondoka kwa heshima ili ale kwa nafasi yake.

Polepole: Tunamwekea. Tunafunika vizuri.

Sauti ilikuwa ndogo. Akakaa tena, halafu akasimama.

Polepole: Mimi ni mtu mzima. Nimepita jando. Siwezi kuingia kukaa jikoni kwa mama yangu.

Dereva: Mimi sijui mambo yenu. Nimeuliza tu.

Polepole: Lakini nje iko kigogo. Kile cha kukatia nyama. Kinatosha watu wawili kukaa.

Alimgeukia Shueib.

Polepole: Wacha katoni. Nipe pakiti moja.

Shueib: Na maji meusi?

Polepole: Tutatia chumvi.

Akaipokea, akaishika kifuani, akashuka barazani na kuelekea kwao, polepole kama alivyozaliwa. Tulimtazama mpaka akapotea nyuma ya migomba. Dereva alirudisha kikombe, akashukuru, akaenda kuwasha lori lake. Shueib aliinamisha birika na hakikutoka kitu.

Redio alikuwa bado amekaa. Alizima redio yake, na betri zilikuwa mpya.

Redio: Shueib, na mimi nipe moja.

Kisu: Ya nini? Wewe si umesema ni wino?

Redio: Baba yuko nyumbani.

Shueib hakuuliza ni baba yupi.