Mikono Yangu, Sauti ya Kuazima

Wazee wangu, shikamooni. Ninyi rika langu, poleni na mashamba. Katibu ameniomba nisimulie nilivyojifunza kusema vizuri kwenye video, ili na wengine mnaotaka kurekodi msipotee kama mimi. Nitasimulia. Ila nawaambia mapema, ndugu zangu, nimekuja na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni ya humu ndani.

Mnanijua. Nimekulia Michenga, na tangu utoto nilikuwa nawinga ndege kwenye mpunga. Anayewinga ndege hanong'oni. Unapanda dunguni asubuhi, unapiga ukelele mpaka jua linazama, na ukitaka maji unamwita mwenzako aliye shamba la tatu, naye anakusikia. Sauti yangu imejengeka huko. Basi kikundi kilipoamua tuwe na video za kilimo mtandaoni, mkanichagua mimi nifundishe kupima mbegu kwa maji ya chumvi. Mpiga video wetu akanishikia simu mbele ya uso, na mimi nikaiambia simu kama ninavyomwambia mtu wa ng'ambo ya mto.

Watu wakaandika chini yake. "Huyu mama anagombana na nani?" Mwingine: "Nimezima simu lakini bado namsikia." Hilo la pili nililicheka, kusema kweli. Chekeni tu, haina neno. Lakini yalipozidi yakaniingia moyoni, nikaanza kuona haya hata kusalimia watu sokoni.

Mpiga video akajifanya mwalimu wangu. "Mama, legeza. Sema kama mtangazaji wa redio." Nikabana pua, nikavuta maneno: "Haaabari zenu, wapeeenzi watazamaji." Binti yangu akaniuliza kama naumwa. Mpiga video akaniambia ninywe tangawizi kali na limao kila asubuhi nikiwa sijala, halafu nijikaze kusema kwa sauti nzito. Nikanywa, nikajikaza. Koo likavimba, sauti ikapotea wiki nzima. Nilikuwa nawaita kuku kwa kugonga sufuria.

Nikiwa bado sina sauti, mpiga video akatoa video ya pili, ameikata kutoka ile ile ya kwanza. Mikono yangu, ndoo yangu, mbegu zangu, na juu yake sauti ya msichana wa mjini aliyepewa karatasi asome. Hakuna aliyeniuliza. Ikatazamwa kuliko zote. Nanyi mlipiga makofi, humu humu. Mmoja wenu akaniambia, "Mama, sasa umepata sauti tamu!" Nikatabasamu, nikakaa chini. Kukaa kule ndiko ninakojutia mpaka leo.

Msimu wa vitalu ukaingia. Asubuhi moja akashuka kwenye bodaboda mama mmoja kutoka Lupiro, ana ndoo iliyofunikwa kanga. Akanitazama mikono kabla ya uso.

"Hili kovu la kidole ndilo la kwenye video?"

"Ndilo. Karibu, dada."

"Sikaribii. Nusa kwanza."

Nikafunua kanga. Mbegu zilikuwa zimevunda, hakuna hata moja iliyochungulia.

"Nimezilaza kwenye maji ya chumvi," akasema. "Kama ulivyofundisha."

"Sikufundisha hivyo. Ukishatoa mapepe, unasuuza kwa maji safi, mara mbili, mara tatu. Ndipo unaloweka."

"Mikono ni yako au si yako?"

Nikaitazama. Mikono ilikuwa yangu.

Kwa wasiojua, nieleze taratibu. Chumvi ni ya kupimia tu. Unaikoroga majini mpaka yai bichi lielee, unamimina mbegu, mapepe, zile mbegu tupu, yanapanda juu unayatoa, mbegu nzito zinabaki chini. Hizo unazisuuza palepale, maana zikilala na chumvi zinakufa. Mtu akikosa neno "suuza" amekosa msimu.

Tukaenda wote wawili kwa mpiga video, nikadai ile ya kwanza, yenye sauti yangu mwenyewe, tukaitazama. Suuza ipo! Tena ndipo nilipopaza sauti kuliko pote, kwa sababu ndipo penye hatari.

"Pale ulipiga kelele mno, mama," akasema. "Nikapaondoa, na kwenye karatasi sikupaandika. Watu hawatafuti maelezo, wanatafuta sauti."

Ndugu zangu, sikumpiga, na anayestahili shukrani kwa hilo ni yule mama, aliyenishika mkono akasema, "Twende nyumbani. Unionyeshe mimi hapa."

Tukakaa kwenye vigoda, ndoo katikati. Nikatoa mbegu zangu za akiba. Nikamweleza hatua kwa hatua, nikimtazama usoni. Akikunja uso narudia, akiitikia kwa kichwa naendelea. Tulipomaliza akaniangalia.

"Mbona hapa hupayuki? Kwenye ile video ya kwanza ulikuwa unawinga nani?"

Hapo ndipo nilipozinduka. Sauti yangu haikuwa mbovu hata siku moja. Ilikuwa inatafuta mtu wa mbali, na mtazamaji amekaa karibu, simu iko mkononi mwake. Kesho yake nikarekodi upya: nikamkalisha yule mama nyuma ya simu, nikamwambia yeye. Ndoo nikaipandisha juu ya meza, kwa sababu ukiinama tumbo linabanwa na pumzi inakatika. Kila hatua nikapumua kwanza, nikanywa maji ya uvuguvugu, nikasubiri mashine ya kukoboa ya jirani inyamaze. Nilipofika pa kusuuza sikupaza. Nilisema polepole, nikanyamaza, nikasema tena.

Yeyote kati yenu anaweza. Mweke mtu mmoja unayemtakia mema nyuma ya simu, usiige redio, na koo likiuma pumzika. Lafudhi yako ya Kipogoro iache ilivyo, watu wanaelewa.

Nakushukuru, dada yangu wa Lupiro, uliyekaa pale nyuma. Ulikuja kunigombeza ukawa mwalimu wangu. Namshukuru binti yangu aliyeniambia ukweli nilipobana pua.

Lakini sijamaliza. Ile video ya sauti ya kuazima bado ipo mtandaoni. Nimeomba mara mbili ifutwe, nikajibiwa kwamba ina watazamaji wengi, iachwe kwanza. Watazamaji hao wana ndoo majumbani mwao! Kuna mtu huko Kiberege analoweka mbegu leo hii, anasikiliza sauti tamu, anaangalia mikono yangu. Nilikaa kimya mara moja, na mwenzetu akapoteza mbegu.

Katibu, simu ya kikundi, ile inayorushia video zetu, iko mfukoni mwako. Itoe. Ifute video hiyo sasa hivi, sote tukiona. Safari hii sikai.