Nishani ya Kumi na Tisa ya Marhun bin Taimur

Bismillahi. Jamaa mliokuja kutushika mkono hapa Ibra leo, Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, haya ni maisha ya mume wangu Marhun bin Taimur, nimeyaandika mimi Khole, niliyeishia darasa la tatu, na anawasomea mjukuu wetu Hiba, binti wa Wadha, kwa kuwa macho yangu yamechoka, ila masikio mazima.

Marehemu alizaliwa Vuga, Unguja, tarehe 3 Mei 1948, akasoma hapo hapo mjini mpaka mwaka 1963, wazee wake wakahamia huku mwaka 1971, naye tarehe 1 Septemba 1973 akaajiriwa ofisi ya maji Nizwa, akapima mafalaj, mifereji ya kale ya maji, miaka thelathini na nane bila ya kusifiwa na mtu, na mimi sikutaka kuwa wa mwanzo.

Alinioa Ijumaa tarehe 16 Agosti 1974, akaniletea vidani vya fedha mpya, kama desturi ya huku, kwani fedha ya maiti huyayushwa, haivaliwi na mwengine, tukajaaliwa Badar, Wadha na Osama.

Mwaka 1986 sonara wa soko la Nizwa alimuonesha kidani cha bibi mmoja wa kibedui wa Sinaw, aliyekatika sauti kabla ya kufa, mabinti zake wakakiuza badala ya kukiyayusha, na baina ya riali za fedha zilizotungwa humo mlikuwa na kipande chenye uso wa mwanamme wa ndevu za ncha. Sonara akamwambia, “Bwana Marhun, hiki kilikuwa kife na mwenyewe.” Akakinunua. Akaandika Uingereza, akajibiwa kuwa ni nishani ya mfalme wao aliyekatwa kichwa mwaka 1649, waliitengeneza waliomlilia. Basi akashikwa na uchu, akakusanya nishani za wafalme na malkia wao wa kale, mmoja wao ana wake sita, huyo simsemi, zikafika kumi na tisa, na yule wa ndevu nikimlaza uso juu jioni, asubuhi namkuta kifudifudi.

Machi 2021 alimtia uzi yule wa ndevu akamvaa ndani ya kanzu yake ya dishdasha, Mei 2024 sauti ikaanza kumkauka, Novemba ikakatika, madaktari wakatazama koo wasione kitu. Jumatano iliyopita aliniandikia kijikaratasi, nisiziyayushe, nimpe Hiba. Nikaitikia kwa kichwa, na nilikuwa muongo. Akafariki Alkhamis tarehe 6 Februari, adhuhuri.

Muzamil aliyemuosha ndiye aliyemvua ile nishani, akaniambia chini ya uzi pana mstari mwekundu umezunguka shingo nzima. Niliitia sandukuni mwenyewe pamoja na wenzake, nikafunga, ufunguo nikautia chini ya mto, chumba ninacholala na Hiba. Jana asubuhi Badar alilipeleka sanduku Nizwa ziyayushwe, sonara akahesabu, zimo kumi na nane.

Tunawashukuru madaktari kwa juhudi zao, majirani kwa vyungu vya wali, na wenzake wa ofisi ya maji, hata waliochelewa.

Hiba, mwanangu, sauti yako imekauka toka jana, na watu wanadhani ni kilio. Weka karatasi chini, fungua mtandio, vua huo uzi, nipe. Sonara yumo barazani na Badar, anangoja. Kisha chukua karatasi usome mstari wa mwisho, tusikie kama utatoka.

Marhun, pumzika salama kwa Mola wako.