Cornel Chilongani, Mchoraji wa Walinzi wa Uwanda

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, nanyi nyote mliofika hapa Kikuyu, Dodoma, kutoka karibu na mbali, familia ya marehemu Mzee Nikodemo Chilongani imempa dada mkubwa, Hilda, kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wake Cornel, naye anaomba mumvumilie, maana kuna mahali sauti inaweza kukatika.

Cornel alizaliwa tarehe 14 Aprili 1983 kijijini Mvumi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Nikodemo na Mama Evelina, na tangu anatambaa alikuwa mbishi, mtoto wa kuambiwa acha ndiyo kwanza anaendelea, aliyechukua mkaa jikoni akachora ukuta wa nyumba mpya hadi baba akaokota fimbo, kisha baba akautazama ule ukuta, akaiweka fimbo chini na kwenda kuwaita majirani waje kuona ng'ombe wao walivyochorwa. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mvumi kuanzia 1991 hadi 1997, akamaliza sekondari mjini Dodoma mwaka 2001, ambako tusidanganyane, hesabu zilimpiga chenga, na kuanzia 2003 hadi 2005 akasomea usanifu wa picha Dar es Salaam. Huko ndiko alikokutana na vitabu vya katuni vya mashujaa wa kigeni, wanaume wa vifua vipana wanaoruka juu ya maghorofa, akavipenda kupita kiasi, ila kila akifunga kitabu alikuwa anauliza mbona hakuna hata mmoja anayefanana na watu wa kwao.

Tarehe 2 Julai 2007 aliajiriwa serikalini kuchora vipeperushi vya elimu ya afya, na ofisi ilipohamia Mtumba, kwenye mji wa serikali, naye akaifuata, akakaa katika nyumba yake ya Chang'ombe, lakini jioni, tangu kabla ya kuhama, alikuwa na kazi nyingine, kitabu cha katuni kiitwacho Walinzi wa Uwanda, kilichoanza kutoka Januari 2010. Humo mlikuwa na bibi wa Bahi anayenyanyua lori, kiziwi anayesikia hatari kwa nyayo za miguu, dada mwenye ualbino anayeona gizani, na mkubwa wao, Radi, mchunga ng'ombe anayepaa juu ya milima ya Kongwa. Cornel alichora mwili kwanza, halafu nguo na mawingu, na uso mwisho kabisa, akiutafuta kwa watu wa kweli, ndiyo maana wengine hapa mlishajikuta mnapaa na hamkuulizwa.

Katika toleo la Agosti 2016 Radi alirudi nyumbani ameumia, na aliyemfungulia mlango, akamwosha jeraha na kumlaza kichwa magotini pake, alikuwa mwanamume mwenzake, Musa, na ilikuwa wazi kabisa kwamba wanapendana. Lo, lilizuka zogo! Vitabu vikarudishwa dukani kwa mafungu, mchapishaji akamwamuru Cornel amwozeshe Radi mwanamke katika toleo linalofuata au waachane, naye yule mbishi wa Mvumi akachagua kuachana, akaendelea kuchora na kuwatumia wasomaji kwenye simu zao. Sisi nyumbani tuliona amejiharibia, tukamwambia hivyo, hatukujua kilichokuwa kinatokea huko nje. Tangu juzi turubai hili limejaa watu tusiowafahamu, dada mwenye ualbino kutoka Manyoni amemwambia mama kwamba katuni ndiyo iliyomfundisha kutembea sokoni bila kuinamisha kichwa, na kijana mmoja kutoka Singida alimshika mama mkono, akalia sana, akasema yuko hai kwa sababu ya ukurasa wa Radi na Musa. Tumebaki kushika vinywa, kwamba mtu wetu, tuliyekuwa tunamtuma mkaa na chumvi, alikuwa mkubwa kiasi hiki.

Sasa tunafika kwenye ndoa. Cornel hakuoa na hakuacha mtoto, lakini tangu mwaka 2012 aliishi nyumba moja na Ludovick, fundi seremala, na katika kikao cha familia Mjomba Bartolomayo alishauri sehemu hii irukwe, Ludovick akae nyuma na marafiki, kwa kuwa watu watasema. Mama alimsikiliza kaka yake mpaka mwisho, kisha akasema, "Kama jina la Ludovick halimo, basi hiyo historia si ya mwanangu." Mjomba akavua kofia, akasema someni. Basi tunasoma, Ludovick ndiye aliyekuwa mwenzake wa maisha.

Oktoba 2023 Cornel aligundulika kuwa figo zimeshindwa kufanya kazi, akawa anasafishwa damu hapa Dodoma, na aliyempeleka, akamsubiri, akamrudisha na kumlisha uji alikuwa Ludovick huyo huyo, hadi alfajiri ya tarehe 6 Mei 2025, alipotutoka akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani wa Chang'ombe walioleta kuni, maji na magodoro kabla hatujaomba, wafanyakazi wenzake wa Mtumba, na ninyi wasomaji wake, mliotuonyesha tulikuwa tunaishi na nani.

Wakati wa kutupa udongo, mila yetu inataka waanze wa nyumbani. Ludovick, mwanetu, toka huko nyuma ulikokaa, njoo usimame mkono wa kulia wa mama, mtaanza ninyi wawili. Nawe Cornel, mdogo wetu, pumzika kwa amani, mtu wako yuko na sisi.