Jumapili za Mzee Chachu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, fundi mkuu wetu wa kupika bia atakabidhi funguo za chumba cha matangi na kustaafu rasmi, baada ya kukitumikia kiwanda chetu kwa miaka thelathini na mmoja. Wageni humwita Bwana Fundi. Sisi humwita Mzee Chachu, jina alilolipata mwaka wake wa pili, alipokutwa ameinamia ndoo ya chachu iliyogoma kuumuka, akiibembeleza kama mtoto mwenye homa. Chachu ikaumuka. Jina likaganda.

Alianza kwa kuosha chupa. Kiwanda chenyewe kilikuwa matangi mawili, paa linalovuja, na mwenye kiwanda ambaye ndiye huyo huyo dereva. Zamu ikiisha, wenzake walikimbilia nyumbani. Yeye alibaki nyuma ya fundi wa wakati ule, ananusa, anauliza, anafukuzwa, anarudi. Miaka sita baadaye alikuwa anapika mwenyewe, na bia yake nyeusi, ile yenye harufu ya kahawa na sukari iliyoungua, ndiyo iliyotutoa kimasomaso mbele ya viwanda vikubwa. Huionja kila asubuhi funda moja tu, amefumba macho, na sisi wote tumeshika pumzi.

Kama angeishia kwenye matangi, ningeweka kalamu chini hapa. Hakuishia hapo.

Miaka kumi na minne iliyopita, shemeji yake, muuguzi wa wodi ya watoto, alipita kwake akitoka kazini. Akakaribishwa chakula, akakataa. Alipobanwa akasema, "Shemeji, nitameza vipi? Kule wodini kina mama wanauguza wiki tatu, wanakula mkate mkavu wamesimama kwenye korido. Mtoto analetewa sahani yake. Mama yake hana jiko, hana sahani, hana hata pa kukaa."

Mzee Chachu hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na bia, na alipenda kupika. Jumatatu akatutangazia kwamba Jumapili kuna chakula cha mchana kwake: kila sahani imepikwa kwa bia, na pembeni yake glasi ya bia inayoendana nayo. Wasiokunywa, nikiwemo mimi, tungepata sufuria yetu na juisi yetu, bila maswali. Mlangoni pangekuwa na kikapu, kila mtu atie alichojaliwa, na chote kiende kwa kina mama wa wodini.

Tulikwenda watu kumi na wawili, na mchuzi wa nyama ukawa balaa. Alikuwa ameumiminia bia yetu chungu kuliko zote, akauacha uchemke saa mbili. Maji yakaenda zake, uchungu ukabaki. Mkewe, mshonaji asiyejua kupaka maneno mafuta, alionja akaweka kijiko chini. "Baba watoto, hiki ni chakula au dawa ya minyoo?"

Mtu mwingine angeomba radhi na kugawa soda. Yeye alikunja mikono ya shati. Alikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya udongo, akakata nyama nyingine vipande vidogo, akamimina bia nyeusi. Huku tukisubiri, alitukaangia samaki waliochovywa kwenye unga uliokorogwa kwa bia baridi, mapovu yakaufanya utafunike kwa mlio. Mchuzi ulifika mezani saa tisa. Vijiko tu vilisikika. Tulipoondoka, kikapu kilikuwa kizito, na kesho yake kina mama wa wodini walikula chakula cha moto.

Tangu hapo hakuruka mwezi. Akaanza hata kuchukua machicha ya shayiri yanayobaki baada ya kupika bia, anayakausha, anayasaga, anaoka mikate na kuipeleka wodini ikiwa bado inafuka. Mfugaji wa nguruwe aliyekuwa akiyabeba machicha hayo alikuja ofisini kulalamika. Alipewa mkate. Hakurudi tena na malalamiko, alirudi na mfuko wa kubebea mikate.

Siku ambayo hakuna kati yetu atakayeisahau ni ile ya miaka mitano iliyopita. Hospitali ilikubali kutoa chumba kando ya wodi, kilichokuwa kimejaa vitanda vibovu, kiwe jiko la kina mama. Sharti lilikuwa moja: kiwekwe majiko, masinki na meza kabla mwezi haujaisha, la sivyo kirudi kuwa stoo. Mzee Chachu akaalika watu themanini kwenye ukumbi wetu wa kujazia chupa. Saa tatu asubuhi, sufuria ziko motoni uani, mtambo wa kupoza tangi la tatu ukazimika. Humo mlikuwa na bia ya mwezi mzima.

Alisimama katikati ya ua, akatazama tangi, akatazama sufuria. Kisha akaniwekea mwiko mkononi, mimi mtunza stoo ambaye upishi wangu unaanzia na kuishia kwenye yai. Akazama chini ya mtambo, akawa anapika kwa kupiga kelele dirishani.

"Imeshika chini?"

"Sijui!"

"Nusa!"

"Inanukia vizuri!"

"Vizuri kama mkate, au vizuri kama nyumba inaungua?"

"Kama mkate!"

"Basi koroga, na usiipe mgongo!"

Mhasibu alimenya vitunguu huku machozi yakimtiririka. Mkurugenzi, na suti yake ya Jumapili, aliosha masufuria. Saa sita na nusu mtambo ukakohoa, ukanguruma, ukashika. Tulipiga yowe majirani wakatoka nje. Mzee Chachu alitokeza akiwa na grisi mpaka viwikoni, akanawa, akaonja, akaongeza chumvi na glasi moja ya bia nyeusi. Saa saba wageni waliingia. Kikapu kilijaa, na kabla mwezi haujaisha, majiko, masinki na meza vilikuwa vimeshawekwa.

Wiki iliyopita nilikwenda kuliona jiko hilo. Nilimkuta mama mmoja, mwanawe mgongoni, anapika uji. Akaniuliza kama aliyelitengeneza ni daktari. Nikamwambia hapana, ni mpika bia. Alicheka mpaka mtoto naye akaanza kucheka bila kujua sababu. Kisha akafuta macho kwa upindo wa kanga, akaniambia, "Basi mwambie huyo mpika bia wako mwanangu leo amekula, na mimi nimekula."

Mzee Chachu, ujumbe ndio huo. Kiwanda kizima kinakushukuru, pamoja na mama watoto aliyekuambia ukweli mezani na shemeji aliyekataa kula. Tunasikia Jumapili zitaendelea, nasi tutakuja na njaa zetu. Afya iwe yako, nyumba yako isipungukiwe wageni, na miaka iliyobaki ikukalie vizuri.