Kitasa cha Ndani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule na wajumbe wako, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliofunga safari tangu alfajiri, ndugu wageni waalikwa, nanyi wanafunzi wangu, hasa mlioko nyuma mnaodhani siwaoni mkisinzia: nawasalimu nyote kwa heshima.

Ratiba inasema Mwalimu wa Kompyuta atatoa neno la shukrani, kwa ufupi. Hilo "kwa ufupi" limepigiwa mstari, na nadhani najua kalamu ni ya nani. Nitajitahidi. Ila naomba nianze na ukweli: ninaogopa. Mnaniona nimeishika meza hii kwa mikono miwili, msidhani ni adabu. Nimekaguliwa na wakaguzi wakali, nimewahi kufundisha darasa ambalo mkorofi wake mkuu alikuwa mtoto wa mkaguzi, na sikuogopa hivi. Leo ni sherehe, viti vimevishwa vitambaa, na bado ninaogopa.

Shukrani kwanza. Mwenyekiti, nilipofika hapa chumba cha kompyuta kilikuwa stoo ya madawati mabovu, na tulijifunza programu kwa chaki ubaoni. Leo tuna kompyuta kumi na mbili, na saba kati ya hizo zinawaka bila kubembelezwa. Hilo ni jasho lako. Umegonga milango ya watu, umesubiri kwenye mabenchi ya maofisi, na watoto hawa wamepata cha kushika. Nasema haya kwa moyo mweupe, kwa sababu nitakayosema baadaye hutayapenda.

Wazazi, huenda mnajiuliza tunawafundisha nini watoto wenu humo ndani. Somo la kwanza kila mwaka hatugusi kompyuta. Namchagua mwanafunzi mmoja awe mashine. Wenzake wanaandika amri, naye anatii neno kwa neno. Haruhusiwi kufikiri, haruhusiwi kuona aibu. Wakimwambia anywe maji bila kumwambia afungue chupa, ataibamiza chupa mdomoni mpaka darasa zima livunjike mbavu. Ndivyo wanavyojifunza kwamba kompyuta haikuhurumii wala haikuchukii, inakufanyia ulichosema.

Mwaka juzi mashine alikuwa binti ambaye tangu siku hiyo wenzake wanamwita Roboti. Darasa letu liko ghorofani. Wakamwandikia: simama, toka mlangoni, nenda mbele mpaka uguse ukuta. Walichosahau, na nilichosahau mimi, ni kwamba vyuma vya kuegemea vya baraza vilikuwa vimeng'olewa asubuhi ile vikachomelewe upya. Binti akasimama, akatoka, akatembea, uso mbele, huku wenzake wakicheka. Nilimdaka kwa kola ya sare, ncha ya kiatu chake ikiwa tayari imepita ukingo. Nikamuuliza, pumzi zikinipaa, "Mwanangu, kwa nini hukusimama?" Akanitazama kama aliyeulizwa swali la ajabu.

"Mwalimu, hakuna aliyeniambia nisimame."

Alituamini. Alidhani sisi tulioandika amri tumekwisha kuangalia mbele kwa niaba yake.

Sasa nije kwenye kilichotukusanya. Mnakumbuka malalamiko ya mwaka jana, kwamba wasichana wanatoroka bwenini usiku. Mlikuwa na haki ya kulalamika. Mimi pia nina binti. Bodi ikawaomba wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho waandike programu ya kufunga bweni. Wakaandika. Saa ya kulala ikifika, makomeo ya umeme yanajifunga kwenye milango yote miwili, kukipambazuka yanafunguka. Umeme ukikatika, yanabaki yalivyo. Hakuna wa kuhongwa, hakuna wa kubembelezwa. Nimeisoma programu ile mstari kwa mstari, nikaona fahari, nikasema watoto hawa wameshanipita.

Na makomeo yenyewe yametengenezwa na fundi chuma aliyeketi pale karibu na spika, baba mzazi wa Roboti. Fundi, simama wakuone. Mpigieni makofi. Kazi yako ni nzuri mno, ndugu yangu, na hilo "mno" nitalirudia baadaye.

Wiki iliyopita makomeo yalikuwa yamekwisha kuwekwa milangoni na kuunganishwa na kompyuta, tunasubiri sherehe hii tu. Ilikuwa mchana. Wasichana walikuwa bwenini wakijiandaa kwa michezo, mmoja anapiga pasi sketi. Umeme ukakatika. Akaiacha pasi juu ya blanketi, akaenda kupiga soga kitanda cha jirani, kama ambavyo mimi au wewe tungefanya. Umeme ukarudi. Kompyuta inayoendesha milango ikawaka, lakini kibetri kidogo kinachoitunzia saa kilikuwa kimekufa, kwa hiyo ilipoamka iliamini ni usiku wa manane. Ikafanya ilichofundishwa. Ikafunga milango. Na umeme uleule uliorudi kwenye makomeo ulirudi pia kwenye pasi.

Nilisikia kelele nikadhani wanashangilia umeme. Kisha nikaona moshi ukipenya kwenye nondo za madirisha. Fundi alikuwa jikoni akirekebisha jiko la shule. Akaja mbio na mtaimbo, akaupachika kwenye mlango aliouwekea komeo kwa mikono yake, na nyuma ya mlango ule yupo mwanawe. Akavuta. Akavuta tena, mishipa ya shingo imemtoka, mlango hautikisiki. Ndugu wageni waalikwa, mmewahi kumwona mtu akilia kwa sababu kazi yake imekuwa imara?

Mimi nilikimbia kuvuka uwanja mpaka chumba cha kompyuta. Nikaandika neno la siri harakaharaka. Mashine ikasema nimekosea. Nikaandika tena, nimekosea. Na kila ukikosea inakusubirisha, maana ni mimi niliyewafundisha wanafunzi kwamba anayekosea neno la siri asubirishwe, huenda ni mwizi. Basi nikasubirishwa kama mwizi, nikisikia kwa mbali wasichana wakipiga mlango, na hakuna lolote duniani ningeweza kumwambia yule mtunza lango wa chuma akanielewa.

Mara ya tatu ikakubali. Wakatoka wakikohoa. Wa mwisho alikuwa Roboti, ameishika ile pasi kwa waya wake. "Tuliichomoa, Mwalimu," akasema, kisha akakaa chini. Liliungua blanketi moja na nusu ya godoro. Walikuwa macho, ilikuwa mchana. Hiyo ndiyo bahati yote tuliyokuwa nayo, na siku nyingine haitakuwa mchana.

Mwenyekiti alinunua betri mpya siku ileile. Nashukuru. Akatangaza kwamba tatizo limekwisha, na kuhusu betri ni kweli. Lakini tangu hapo nimeirudia programu ile usiku na mchana nikitafuta kosa jingine, na sioni. Mheshimiwa, hilo la kutoona ndilo linalonitisha. Kosa la betri nalo sikuliona. Je, nani kati yetu hapa anaweza kuapa kwamba ameshayafikiria yote? Panya akitafuna waya? Mimi nikiwa nimelala nyumbani kwangu, ng'ambo ya mji, simu imezimika?

Niliomba kitu kimoja. Kitasa cha ndani: ukikizungusha, mlango unafunguka bila kuiuliza kompyuta ruhusa, na kengele inalia ili mlezi wa bweni ajue kuna aliyetoka. Mwenyekiti alinijibu mbele ya walimu wote, "Mwalimu, mlango wenye kitasa cha ndani haujafungwa." Mzee wangu, ingekuwa ghala la mahindi ningekuunga mkono. Mahindi hayana haja ya kutoka.

Naona Mwenyekiti anaangalia saa, na mshereheshaji ameshasimama. Nivumilieni kidogo, huenda hii ikawa hotuba yangu ya mwisho katika shule hii, na hilo pia naliogopa, nina familia.

Wazazi wa wasichana, geukeni mwangalie safu zile za kushoto. Viti vitupu. Mabinti zenu hawapo humu ukumbini. Wamepangwa bwenini, wote, wamevaa sare safi, ili Mgeni Rasmi akibonyeza kitufe hapa jukwaani tusikie makomeo yakijifunga kwenye vipaza sauti, kisha tupige makofi. Usiku wa leo watalala nyuma ya makomeo hayo, na kesho, na keshokutwa.

Mheshimiwa, neno la siri nimekukabidhi kama nilivyoagizwa. Sijakaidi amri ya mtu. Ninachokuomba ni usibonyeze leo. Fundi ameshavitengeneza vitasa viwili, vimo kwenye mfuko ule chini ya kiti chake, na anasema ni kazi ya mchana mmoja. Kinachokosekana ni mtu mwenye cheo cha kusema ndiyo. Mimi sina. Wewe unacho.

Ukiona bado inafaa kubonyeza, sitakuzuia. Ila sitakuwepo hapa kupiga makofi. Nikishuka jukwaani nakwenda bwenini kukaa na wanafunzi wangu, upande wa ndani, na tafadhali mlijue hilo mtakapoanza kuhesabu walio ndani. Fundi ameniambia anakuja nami.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio, na mniwie radhi kwa kuiharibu sherehe. Mzazi anayetaka kufuatana nasi, karibu, mlango bado uko wazi.